Chupa ya Mama Unga

Sogeeni, jamaa zangu, hasa ninyi mnaouliza bei kabla ya kunusa unga.

Asubuhi ile mashine ya kusaga ilinguruma vizuri na wateja walitaniana mlangoni. Mwenye mashine alifurahi, ila alikuwa na wasiwasi: mkewe, Mama Unga, alikuwa anarudi kutoka kumuuguza dada yake. Mama huyo hakununua mahindi kabla ya kuyatikisa na chumvi ndani ya chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yarudi juani. Wakulima walimnung'unikia, lakini unga wake ulisifika soko zima.

Alipokuwa hayupo, serikali ilitangaza bei moja kwa kilo, mahindi yawe makavu au maji matupu. Nani tena angehangaika kuanika? Makavu yakaadimika. Mume akaogopa mashine italala, akanunua yaliyokuja. Chupa ikabaki rafuni.

Mama Unga aliingia jikoni akamkuta mkwewe anakoroga uji wa mjukuu. Akanusa, akampokonya sufuria.

"Unga huu umetoka wapi?"

"Kwa baba, mama."

Mume akajikuna kichwa. "Mke wangu, siku hizi kila mtu anauza hivi."

"Kila mtu ndiye babu wa mtoto huyu?"

"Tukiumwaga tutafilisika!"

"Heri tufilisike kuliko tuzike."

Mama Unga akatoka, akasimama mbele ya wateja. "Unga wetu una kuvu, na kuvu ni sumu. Urudisheni, mrudishiwe pesa zenu. Kosa ni letu." Jamani, mwanamke yule! Wangapi kati yetu tungethubutu?

Mume alichimba shimo kwa mikono yake, wakaufukia unga wote. Mashine ikanyamaza, majirani wakacheka. Wakauza hata kitanda, ili anayeleta mahindi makavu apate nyongeza juu ya bei. Polepole wakulima wakatandaza tena maturubai juani.

Gunia la kwanza lilipofika, wateja walijaa mlangoni. Mume ndiye aliyeitikisa chupa. Chumvi ikashuka yote, kioo kikabaki safi.

"Washa mashine, baba," akasema Mama Unga. "Mjukuu ana njaa."

FUNZO: Bei isiyojali ubora humfundisha mkulima uvivu na mfanyabiashara tamaa. Wanaopanga bei na wakumbuke hilo. Nasi tunaokula tusingoje serikali itunusie unga.