Viatu vya Ngazi

Kila asubuhi Kitindamimba alifagia uani huku baba akipiga miayo na kuweka ngazi begani. Baba alikuwa fundi wa matengenezo hospitalini, na sakafu za huko ni za vigae vinavyoteleza. Kwa hiyo alifunga kipande kirefu cha mpira wa tairi chini ya kila mguu wa ngazi. Aliviita viatu.

"Ngazi ina viatu, mimi nina ndala!" alitania mjomba, kaka wa mama, ambaye kazi yake ilikuwa kushikilia ngazi.

"Ndala zako hazijampandisha mtu darini, shemeji."

Asubuhi moja mkanda wa begi la Kitindamimba ulikatika. Baba alipokuwa akioga, Kitindamimba alifungua kiatu kimoja cha ngazi, akafungia begi. "Jioni nitakirudisha," alijiambia. Baba, aliyefanya kazi siku kumi bila kupumzika, alibeba ngazi bila kuitazama.

Mchana ngazi iliteleza. Baba alianguka akibadilisha taa, akavunjika mguu.

Jioni baba alilala na plasta hadi gotini. Mjomba alikaa mlangoni, amejiinamia. Msimamizi wao wa hospitalini alikuwa amemfukuza kazi, akisema aliiachia ngazi.

"Sikuiachia, dada. Mungu ni shahidi."

Mama alikunja nguo zilezile alizokwisha kuzikunja.

Kitindamimba akafungua mpira kwenye begi, akauweka kitandani. "Mjomba hakuiachia. Ni mimi niliyeivua ngazi kiatu."

"Ee Mola!" mama alinong'ona.

Baba alifumba macho. "Kesho utayasema hayo mbele ya msimamizi. Kwa mdomo wako."

Kesho yake aliyasema, mama kando yake. Msimamizi aliugeuzageuza ule mpira, kisha akaagiza mjomba aitwe kazini.

Jioni ile mjomba alirudi na ngazi, Kitindamimba akakifunga kiatu mahali pake, baba akimtazama kutoka kitandani.

"Kaza fundo mara mbili," baba alisema. "Umekosa sana, mwanangu. Nami nimekosa. Nilichoka, nikapanda bila kukagua. Mungu amenihurumia, nimevunjika mguu, si shingo. Shika haya: kitu kinachobeba uhai wa mtu hakiazimwi kimyakimya. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajabebeshwa kosa lako."

Mjomba aliinama, akauvuta ule mpira kwa nguvu. Haukutoka.