Bibi Rahila Akalia Tairi

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Buthaina alikuwa na kazi moja aliyoichukia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akawapa mbuzi kumi majani na maji, akafagia zizi. Akimaliza alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, akanusa viwiko vyake, ndipo akavaa. Mwaka uliopita msichana mmoja wa darasani kwao, Wadha, alimwambia mbele ya wenzake kwamba ananuka zizi. Tangu siku hiyo Buthaina alijiapiza kwamba hakuna mtu wa shule atakayejua kuwa kwao kuna mbuzi.

Wala si mbuzi tu aliowaficha. Alificha na Kiswahili. Nyumbani kwao Ibra kilisemwa Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi hadi sala ya isha, kwa kuwa wazee wake walihamia Oman kutoka Bujumbura mwaka 1995, vita vilipowachosha. Yeye alikuja akiwa na miaka miwili, na sasa, akiwa na kumi na miwili, alisema Kiarabu kama mtoto yeyote wa mtaani. Akishavuka mlango wa nyumba, Kiswahili alikimeza. Wako watu wanaoona haya kwa kuiba. Huyu aliona haya kwa lugha aliyobembelezewa nayo alipokuwa mchanga.

Mbuzi wale walikuwa mali ya Bibi Rahila, mama yake baba. Bibi huyu hakuwa mtu wa kusukumwa. Zamani kule Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, yeye na marehemu mumewe walikuwa na malori mawili ya kubeba maharage na mawese, na aliyekwenda kununua matairi alikuwa Bibi. Mumewe alikuwa mpole mno, wauzaji wakimzunguka watakavyo. Bibi hawakumweza. Kiarabu cha Kurani alikisoma vizuri, lakini kile cha dukani, kinachosemwa mbio mbio, kilimpita. Kwa hiyo popote alipokwenda, Buthaina alikuwa mkalimani wake.

Siku moja ya Alhamisi, siku ya mapumziko ya shule, mwezi wa Januari mwaka 2005, ilibaki wiki moja tu kufika Idi ya kuchinja. Baba yake Buthaina, Bwana Thuwaini, alitaka kuwapeleka wale mbuzi Nizwa kwa trela, wawahi soko la Ijumaa asubuhi. Zilikuwa siku za baridi na mvua ilinyesha milimani. Barabara ya kutoka Ibra kwenda Fanja hupita katikati ya majabali, kona juu ya kona, na ikilowa huteleza. Nayo pikapu yao matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamekwisha, na rimu moja ilipasuka ilipogonga jiwe.

Saa tatu asubuhi Bwana Thuwaini aliiegesha pikapu mbele ya duka la matairi.

"Mama, wewe unayajua matairi kuliko mimi," alimwambia Bibi Rahila. "Chagua unayoyataka. Mimi naenda sokoni kununua kamba za trela, nikirudi nitalipa. Buthaina, kila atakalosema Bibi mwambie mwenye duka."

"Sawa, Baba," alijibu Buthaina.

Waliingia ndani. Na nyuma ya meza, akichora kwenye daftari, alikuwa amekaa Wadha. Kumbe duka lile lilikuwa la baba yake. Buthaina alihisi masikio yanamwaka moto.

Mwenye duka, Musallam, alikuwa mtu wa adabu. Alimsalimia Bibi kwa Kiarabu akimwita *khalti*, kama watu wa huko wanavyomwita mwanamke mkubwa kwa heshima. Kisha akamgeukia Buthaina.

"Gari linabeba nini?" aliuliza. "Mnavuta kitu?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa jepesi. Buthaina alimtazama Wadha, na Wadha alikuwa akimtazama yeye.

"Hatuvuti kitu," alijibu kwa Kiarabu. "Tunakwenda kutembea tu."

"Basi ninayo haya," alisema Musallam, akaviringisha matairi mawili meusi yaliyong'aa. "Ni ya gari dogo, si ya mzigo. Yamekaa dukani muda mrefu, kwa hiyo nitawapunguzia bei. Kwa gari tupu yatafaa. Na rimu zipo hizi za kung'aa, zitalipendezesha gari."

"Anasema nini?" aliuliza Bibi.

Buthaina alimsogelea sikioni ili Wadha asisikie Kiswahili. "Anasema ni mapya, Bibi. Ni ya mzigo."

Bibi Rahila alichuchumaa. Alilibonyeza tairi kwa ukucha, ukucha usizame. Akachukua pembe ya kanga yake, akalifuta ubavuni. Kanga ilitoka nyeusi, na pale alipofuta zikaonekana nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka.

"Mapya, haya?" alisema. "Mwambie haya ni makuukuu, yamepakwa rangi. Mwambie navuta trela la mbuzi kumi, tena kwenye mvua. Nataka tairi gumu la plai nane, la tabaka nane, lenye mifereji ya kina ya kutoa maji. Na rimu nataka ya chuma. Ya chuma ikipinda unainyoosha kwa nyundo, hizo za kung'aa zikigonga jiwe ndiyo basi."

Musallam alisubiri. Wadha naye alikuwa ameacha kuchora.

"Bibi yangu anasema ni mazuri," alisema Buthaina kwa Kiarabu. "Yafunge tu."

Musallam alimwashiria fundi wake, na fundi akaanza kuipandisha pikapu kwa jeki.

"Amejibu nini?" aliuliza Bibi.

"Anasema anayo hayo tu."

Bibi Rahila aliangalia ukutani, ambako matairi ya mzigo yalipangwa moja juu ya jingine hadi darini. "Na yale pale ni maandazi?"

Uongo mmoja ulikuwa umeshazaa wa pili, na wa pili wa tatu. Bibi hakungoja. Alilisogelea moja la yale makuukuu mawili, akalikalia, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Hapa siondoki," alisema. "Akitaka kulifunga, na anifunge na mimi."

Fundi alisimama na spana mkononi. Musallam alishangaa. "Khalti ana nini? Si amesema ni mazuri?"

Neno moja la Kiarabu cha dukani Bibi Rahila alilijua barabara. Alimnyooshea Musallam kidole, akalisema polepole ili lisipotee hata herufi. "*Kaddhab*."

Mwongo. Mtu kuitwa mwongo dukani kwake, mbele ya binti yake na mfanyakazi wake, si jambo dogo. Uso wa Musallam ulibadilika.

"Mimi nimekuelezeni kila kitu," alimwambia Buthaina. "Nimesema ni ya gari dogo, nimesema yamekaa. Sasa natukanwa kwa lipi? Mwambie ainuke, mkatafute duka jingine."

Wadha alikuwa amesimama. Buthaina alimtazama Bibi, aliyekaa juu ya tairi kama aliyekaa sebuleni kwake. Angeweza kunyamaza. Baba angerudi, angeona haya, angelipa chochote ili yaishe, na mchana wangezipita zile kona, Bibi kakaa kiti cha mbele na mbuzi kumi nyuma yao. Na huyu bwana angeendelea kuitwa mwongo kwa uongo usio wake.

"Mwongo ni mimi," alisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika duka zima. "Bibi hakusema ni mazuri. Alisema yamepakwa rangi. Na sisi tunavuta trela, tena la mbuzi. Nilikuficha wewe, nikamdanganya na yeye."

Kisha akamgeukia Bibi, akarudia yote kwa Kiswahili, kwa sauti ileile. Hakumsogelea sikioni safari hii.

Bibi Rahila hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimtazama tu, hadi Buthaina akatamani ardhi impokee.

"Haya," alisema Bibi mwishowe. "Sasa fanya kazi yako. Neno nitakalolisema lipeleke kama lilivyo, usilitie chumvi wala usilipunguze. Mwambie nimekosa kumwita mwongo. Mimi ni mtu mzima na namwomba radhi."

Buthaina alilipeleka. Musallam alilegea, akaweka mkono kifuani.

"Na mwambie matairi haya asimuuzie mtu."

"Hilo nalo, Bibi?"

"Hilo ndilo hasa."

Aliyetakiwa kuambiwa ni baba yake Wadha, na Wadha yuleyule yuko pale anasikiliza. Buthaina alilisema zima.

"Lakini sikuwaficha," alijitetea Musallam. Aliligeuza tairi la pili, akaonyesha namba iliyochapwa ubavuni. "Tazama mwenyewe. Tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 namba hii humalizika kwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Hili lina tatu, kwa hiyo ni la kabla ya hapo. Kila mtu anaweza kusoma. Na kwa gari tupu, hapa mjini, halina neno."

Buthaina alifasiri. Bibi akatikisa kichwa.

"Mwambie hakuficha kwa mdomo, ameficha kwa rangi."

Bibi Rahila akaendelea, polepole, ili mjukuu wake aweze kumfuata.

"Mwambie nilikuwa na ndugu yangu, jina lake Khalifa. Alikuwa utingo kwenye lori letu, kijana wa miaka kumi na tisa. Siku moja mume wangu alikwenda kununua matairi peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimejifungua baba yako. Akauziwa kuukuu lililopakwa rangi. Alivutiwa na bei. Wakapanda mlima wa Bugarama, mvua inanyesha, ukungu hauoni mbele. Kwenye mteremko tairi likapasuka. Mume wangu alivunjika mguu. Khalifa alikuwa amekaa juu ya mzigo."

Hakumalizia. Hapakuwa na haja.

Habari ile Buthaina hakuwahi kuisikia. Alianza kuifasiri, na alipofika kwenye jina la Khalifa sauti ikamkatika. Alijifuta macho kwa mkono wa nguo, akaanza tena, akalifikisha kila neno hadi la mwisho. Wadha aliinamisha kichwa.

Musallam alivuta kisu kikubwa cha kukatia mpira kutoka kwenye droo, akalipasua ubavu tairi aliloshika. Akamgeukia Bibi.

"Khalti, hilo ulilokalia nalo."

Ndipo Bibi Rahila alipoinuka.

Walifungiwa matairi mawili ya plai nane kwenye rimu za chuma, meusi, yasiyo na urembo wowote. Musallam alitaka kupunguza bei, Bibi akakataa. "Mwambie sikuja kuomba. Nalipa bei yake," alisema, na Buthaina akalisema hivyohivyo.

Wakati fundi akikaza nati, Wadha alimsogelea Buthaina. "Kumbe kweli mna mbuzi," alisema kwa sauti ya chini.

"Kumi," alijibu Buthaina. "Na zizi nalifagia mimi, kila siku. Nikinuka, ni kwa sababu hiyo."

"Hakuna aliyewahi kumshinda baba yangu dukani humu," alisema Wadha. "Bibi yako ndiye wa kwanza."

Bwana Thuwaini aliporudi na kamba zake, Buthaina alimweleza mwenyewe, bila kungoja kuulizwa. Baba alilipa, hakusema neno. Adhuhuri wakaondoka. Kwenye majabali mvua iliwakuta kweli, na maji yalikatiza barabara pale chini ya mteremko. Trela liliyumba huku na huku, lakini matairi yaliishika lami. Mbuzi walilalamika njia nzima.

Walipoteremka Fanja jua likitoka tena, Baba ndipo alipofungua kinywa.

"Buthaina, unajua kwa nini watu husema njia ya mwongo ni fupi? Mtu hudhani ametupa neno dogo tu, likaishia pale, kumbe halifiki mbali kabla ya kumrudia. Wewe leo ulikuwa umebeba maneno ya watu wawili walioaminiana kupitia kwako. Ulipoyabadilisha, mkweli akaitwa mwongo, na sisi tungepita huku juu ya matairi mabovu. Usione haya kwa mbuzi, wala kwa lugha yako. Jambo la kuonea haya ni kudanganya."

"Nimeelewa, Baba. Bibi, nisamehe."

"Nilikusamehe ulipolimaliza lile neno la Khalifa," alisema Bibi Rahila, na akamfunika magoti kwa kanga, ileile yenye doa jeusi.

Kesho yake asubuhi, kwenye soko la Nizwa, watu walijaa hadi njiani. Mzee mmoja mwenye fimbo alimshika mbuzi wa Bibi mgongoni, akamtazama, akasema jambo kwa Kiarabu na kukunja pua.

"Anasema nini?" aliuliza Bibi.

Buthaina alitazama kushoto na kulia. Watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wakisikia. "Anasema mbuzi wako amekonda."

"Mwambie yaliyokonda ni macho yake."

Buthaina alinyoosha mgongo, akamkabili yule mzee, akamwambia vilevile kama ilivyosemwa.