Hodi ya Arobaini na Moja

Kila Jumamosi ya Septemba, mji wetu wa Sevlievo hunukia pilipili hoho za kuchomwa, kuanzia kanisani mpaka stendi ya basi. Asiyechoma huazima moshi wa jirani. Siku hiyo nasi tulikuwa tumeshachoma kilo sitini. Kazi iliyobaki ilikuwa kumenya, kusaga na kupika lyutenitsa, rojo zito la pilipili la kula wakati wa baridi.

Mjukuu wangu Zornitsa, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa jikoni akimenya nami. Alimenya moja, akala moja. Upande wa pili wa meza alikaa mama yake, mkwe wangu Rumyana, na kompyuta ya kampuni mbele yake, akiongea na wagonjwa kwa simu na kuwapangia miadi ya hospitali. Kazi hiyo aliipata Julai, baada ya mwaka mzima wa kukaa bure. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na siku zilizobaki zilikuwa kumi tu.

"Siku kumi, mama," aliniambia asubuhi ile. "Nisipoteleza, mkataba ni wangu."

Kompyuta ile ilikuwa na kero moja. Kila baada ya dakika tatu ililia ting! na kidirisha cha buluu kikatokea: "Programu ya simu inaomba kutumia kipaza sauti. Ruhusu? Kataa?" Rumyana anabonyeza Ruhusu. Hajakaa vizuri, ting! Kilekile.

"Kwani hukukijibu?" nikamwuliza.

"Nimekijibu tangu asubuhi mara arobaini, mama. Mashine ni ya kampuni. Mimi naruhusiwa kujibu tu, kuhifadhi jibu siwezi. Anayeweza ni Plamen, fundi wetu huko mjini Sofia, naye ameshaniambia 'wiki ijayo' mara tatu."

"Basi ni kama marehemu mume wangu. Leo unamwonyesha soksi zilipo, kesho anauliza tena."

Saa sita mchana Rumyana alipata mapumziko ya nusu saa. Tukateleka sufuria kubwa uani. Mkono wangu wa kulia umeshastaafu, kwa hiyo mwiko akaushika yeye, maana lyutenitsa isipokorogwa dakika mbili tu, hushika chini.

"Zornitsa, kaa na kompyuta," alisema mlangoni. "Kidirisha kisipojibiwa kwa dakika moja, mfumo unanitoa, na kuingia tena ni robo saa. Saa sita na nusu wagonjwa wanaanza kupiga. Kikitokea, niite. Usiguse. Mashine ya watu hiyo!"

Ting! Zornitsa akakimbia uani. Rumyana akanawa mpaka viwikoni, akaja, akabonyeza, akarudi. Ting! Tena vilevile. Mara ya tatu aliingia uso umewiva kuliko pilipili zenyewe.

"Inaanza kushika!" alilalamika, akatoka mbio.

Mara ya nne Zornitsa alipoinuka, nilimshika aproni.

"Kaa chini. Maneno ni yaleyale, kitufe ni kilekile. Bonyeza, mama yako apike."

"Bibi, mama kasema nisiguse."

"Mama yako kasema pia lyutenitsa isiungue. Bonyeza kwa kidole cha mwisho, hicho hakina dhambi."

Akacheka, akabonyeza. Mbingu haikuanguka. Cha tano akakibonyeza akiwa anatafuna. Cha sita akakibonyeza macho yakiwa kwenye bakuli. Ting! ya saba ikalia, kidirisha kikawa cha buluu kama wenzake, na kidole kikaenda chenyewe.

Kisha nikaona pilipili imemponyoka mkononi.

"Bibi. Hiki hakikusema kipaza sauti."

"Kimesema nini?"

"Sikukimaliza kusoma. Kimesema kuna mtu. Anaomba kuendesha kompyuta."

Tukatazama. Mshale wa kwenye skrini ulikuwa unatembea, na hakuna mkono uliougusa. Ulifungua faili, ukalifunga, ukafungua jingine, taratibu, kama mgeni anayepekua kabati wenye nyumba wakiwa msibani. Ikatokea orodha ya majina, miaka ya kuzaliwa, magonjwa. Nikaliona jina la mwanamke wa mtaa wetu na ugonjwa wake, ugonjwa ambao hajamwambia hata dada yake.

Nilichosema hapo sijivunii mpaka leo.

"Funga kifuniko," nilinong'ona. "Funga, tunyamaze. Nani katuona? Bosi akijua, kazi ya mama yako imekwenda. Siku kumi tu, Zornitsa!"

Aliweka mkono juu ya kifuniko. Dirishani alionekana mama yake akikoroga na kuimba. Mshale ukafika kwenye jina jingine.

"Bibi, sisi tukinyamaza, yeye haondoki," alisema. Akageuka, akakimbia. "Mama! Nimemfungulia mtu! Yumo ndani ya kompyuta!"

Rumyana aliutupa mwiko. Hakuuliza swali hata moja. Aliingia na kung'oa ukutani waya wa kisanduku cha intaneti. Mshale ukasimama. Kisha akampigia Plamen, akamweleza, na kuweka simu mezani, sauti juu.

"Nani alibonyeza?" Plamen aliuliza.

Rumyana alifungua mdomo, lakini binti yake alimwahi.

"Mimi, mjomba. Naitwa Zornitsa. Nilibonyeza mara nne. Ya mwisho sikusoma. Ilikuwa saa sita na dakika kumi na tisa, nimeona saa ya ukutani."

"Na waya umeng'olewa baada ya muda gani?"

"Kama dakika mbili."

"Usiniambie 'kama'. Fikiri vizuri."

"Mbili na nusu. Kwa sababu bibi alisema tunyamaze, nikasimama kwanza."

Rumyana alinigeukia. Mimi nikazitazama pilipili kwa makini sana.

Harufu ya kuungua iliingia kutoka uani. Hakuna aliyeinuka. Plamen akamwunganisha bosi, Bi Vasileva, sauti kavu kama mkate wa juzi.

"Rumyana, kompyuta ya kampuni inaguswa na mtoto?"

"Niliiacha wazi, Bi Vasileva. Kosa ni langu."

"Kanuni uliijua?"

"Niliijua."

Zornitsa alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye bakuli. Nikaona kwamba jikoni mle wote wameshasema kweli isipokuwa mkubwa wao. Nikakohoa.

"Hapa ni mama mkwe," nikaiambia simu. "Mtoto alikataa. Mimi ndiye niliyemwambia abonyeze, na mimi ndiye niliyemwambia afiche. Andikeni hivyo."

Plamen akasema tungoje, anamtafuta huyo mtu kwenye mfumo. Dakika zikapita, nadhani ishirini, nami nimewahi kuzaa kwa muda mfupi zaidi. Mwishowe Plamen akarudi.

"Nimemfungia. Alifungua orodha, lakini hakuwahi kuondoka na hata jina moja. Angepata dakika kumi, angechukua wagonjwa elfu nane. Huyu mwizi hakuvunja mlango. Aligonga tu, akijua watu wamechoka kujibu." Akapumua. "Na tuliowachosha ni sisi. Bi Vasileva, onyo niandikie na mimi. Rumyana aliniomba mara tatu."

"Mtaandikiwa wote wawili," alisema bosi. "Rumyana, kompyuta hiyo isiachwe wazi hata ukienda kuchungulia uani. Na mkataba utausaini tarehe ileile. Nyumba ambamo kosa linasemwa kabla ya dakika tatu, naihitaji kazini kwangu."

Mchana huohuo Plamen alilihifadhi lile jibu la kipaza sauti kutoka Sofia. Jikoni kukawa kimya hata nikasikia nzi akinawa mikono.

Jioni tulikwangua sufuria. Rumyana alimwekea binti yake mkono begani.

"Kuacha wazi ni kosa langu, kushawishi ni la bibi yako, kutosoma ni lako," alisema. "Ila kosa la kuficha, hilo ulilikataa peke yako, na ndilo lingetumaliza. Ukiulizwa jambo, soma kabla hujakubali, hata kama umeulizwa mara mia. Na ukikosea, sema kosa likiwa bado changa."

"Nami naongeza," nikasema. "Hodi arobaini za jirani hazimfanyi wa arobaini na moja kuwa jirani. Mlango wangu huwa nachungulia pazia kwanza, hata kwa padri. Sijui kwa nini wa kompyuta niliuona si mlango."

Tulipata chupa ishirini na mbili, zote zina ladha ya moshi. Zornitsa alibandika karatasi kwenye kila moja: "Imeungua kidogo. Soma kabla ya kufungua."

Na mimi, kwa darasa langu la nne, nasoma. Kila chupa, mpaka nukta ya mwisho, ndipo nafungua.