Siku Sita Mjini Lima

Soko lile la Lima, Peru, lilikuwa limejaa hadi milangoni. Wamucii alikuwa ameduwaa mbele ya rundo la viazi, vingine vyeusi, vingine vya manjano, vingine vimepindapinda kama vidole vya bibi kizee, aliposikia mwanaume nyuma yake akiongea na mama yake kwa simu, kwa sauti ya juu.

“Maitu, nakwambia huku kuna waru ya rangi ya zambarau! Hapana, haijaoza. Iko hivyo tu!”

Wamucii aligeuka akicheka. Alikuwa amevaa koti la manjano na skafu nyekundu, na katika soko lile lililojaa masweta ya kijivu alionekana kutoka mbali. Mwanaume aliishusha simu polepole.

“Wewe unacheka kama umesikia vile nimesema.”

“Nimesikia yote. Na mamako hata hujamsalimia!”

“Haiya! Wewe ni wa wapi?”

“Nyeri. Karibu na mjini.”

“Mimi ni Mathenge, wa Mweiga, hapo tu jirani yenu!” mwanaume alipiga kelele hadi muuza viazi akaruka.

Chama cha wakulima wa viazi cha kwao kilikuwa kimemtuma Mathenge huko kwa miezi mitano kujifunza kazi ya mbegu. Yeye Wamucii alikuwa mwalimu wa jiografia. Kwa miaka tisa aliwafundisha wanafunzi jinsi mkondo baridi wa bahari unavyoufanya mji mkubwa ukae kando ya maji na usione mvua. Agosti hiyo, shule zilipofungwa, akaamua kwenda kuuona kwa macho yake.

“Ati umekuja kuangalia mvua ambayo hainyeshi?” Mathenge alimtania. “Si ungeenda tu Isiolo, kule kwetu kwenye ukame?”

Kuanzia siku hiyo hawakuachana. Kila Mathenge alipomaliza kazi alimkuta Wamucii kwenye uwanja wa mji wa kale, chini ya roshani za mbao zilizochongwa kama masanduku makubwa. Walitembea katika ukungu uliolowesha nywele bila kudondosha tone. Mathenge alimlisha samaki mbichi aliyekolezwa ndimu na pilipili.

“Mimi nile samaki haijaonja moto? Nyumbani hata ile ya kukaanga sipendi!”

“Funga macho, mrembo. Fikiria ni nyama ya mbuzi.”

Alifumba macho, akala, akaomba nyingine.

Siku ya tano walisimama juu ya genge refu linalotazama Pasifiki. Bahari ilikuwa ya kijivu kama mbingu. Mathenge alimfunga skafu vizuri shingoni, mkono wake ukabaki pale.

“Niulize kitu moja, na unijibu ukweli. Nyumbani uko na mtu?”

Wamucii alitazama maji. Huko Karatina alikuwako Wambugu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, aliyempeleka mwenyewe hadi uwanja wa ndege na kumbebea mkoba. Wazee wake walikuwa wameshakuja kujitambulisha. Siku ya mahari ilikuwa imepangwa Oktoba.

“Sina mtu,” akasema.

Hakukusudia kudanganya kwa muda mrefu. Alijiambia kwamba akifika nyumbani ataenda kwa Wambugu siku ya kwanza, na uongo utageuka kuwa kweli kabla haujamfikia mtu yeyote.

“Basi nikirudi Desemba nakuja kwenu na wazee,” Mathenge alisema. “Hapa wamenipa kazi ya miaka minne. Nitakataa. Nitapanda mbegu Mweiga, na wewe uwe unaniambia kama mvua inakuja.”

Wamucii alimkumbatia akalia, na Mathenge akadhani ni furaha. Kesho yake Wamucii akapanda ndege ya kurudi nyumbani.

Nyumbani, siku ya kwanza ikapita, kisha ya pili. Mama yake alikuwa ameshaalika kanisa zima. Wambugu alikuja na mananasi, akamuuliza habari za safari, akasikiliza kila neno. Wamucii alifungua mdomo mara tatu, akaishia kumkaribisha chai.

Mathenge alipiga simu kila siku saa kumi jioni, wakati Lima ilikuwa saa mbili asubuhi.

“Mpenzi, umemwambia mamako juu yangu?”

“Wiki ijayo. Wacha kwanza mitihani iishe.”

“Unaniogopa ama unanionea aibu?”

“Wewe nawe! Nakupenda. Nipe tu wiki moja.”

Wiki ziliisha. Oktoba ikafika, hema likasimamishwa uani, na Wamucii akajikuta amekaa katikati ya akina mama akiwa na gauni la kitenge cha kijani na shanga shingoni, akitabasamu. Binamu yake Njoki akampiga picha, akaiweka mtandaoni ili dunia ione. Dunia ikaona. Mmoja wa walioiona alikuwa amesoma na Mathenge.

Simu ya Wamucii ililia Jumapili kama kawaida, saa kumi.

“Hiyo gauni ya kijani imekutoa vizuri,” Mathenge alisema.

“Mathenge, wacha nikueleze—”

“Niambie tu kama hiyo picha ni ya uongo.”

“Si ya uongo. Lakini sikuwa nataka—”

“Nilikuuliza uso kwa uso.”

Akakata. Alipompigia tena, hakumpata. Hakumpata wiki nzima.

Jumatatu iliyofuata alikwenda Karatina. Wambugu alikuwa anapima misumari kwenye mizani, mteja amesimama akisubiri. Wamucii alimwambia yote pale pale, kwa sauti ya chini, kwa sababu alijua akingoja mteja atoke hatasema. Wambugu hakuinua macho. Aliongeza misumari miwili, akafunga karatasi, akampa mteja, akamshukuru. Kisha akasema, “Wazee wangu ni watu wazima, Wamucii. Ulingoja mpaka waje kwa nini?” Akaingia stoo, na hakutoka.

Desemba, Wamucii alisikia kwamba Mathenge amerudi. Akamtumia ujumbe kwa namba ya mama wa Mathenge. Walikutana mchana katika hoteli moja karibu na soko la Nyeri, katikati ya kelele za vikombe na wanunuzi wa Krismasi. Mathenge alikuwa amekonda. Alivaa sweta ya sufu ya Lima, yenye milia, na watu wa meza jirani walimwangalia.

“Nimeachana na Wambugu,” Wamucii alisema kabla hata hajakaa vizuri. “Tangu Oktoba. Mama haniongeleshi. Kanisani wananipita bila salamu. Sijutii.”

“Nilisikia.”

“Basi twende kwetu. Hata leo.”

Mathenge aliizungusha sahani ya kikombe. “Ile siku niliona picha, nilienda ofisini nikachukua ile kazi. Miaka minne. Narudi Alhamisi.”

“Nichukue twende.”

“Tukienda, nikikuuliza kitu, nitajua aje umenijibu?”

“Mathenge, unanipenda?”

“Nakupenda. Hata sasa.” Macho yake yalijaa, akayafuta kwa kiganja kama mtoto. “Lakini nimekaa huko miezi miwili nikirudia kila neno ulisema, nikitafuta ni gani ilikuwa ya kweli. Nimechoka, Wamucii. Siwezi kuishi hivyo.”

Alisimama, akamshika bega kidogo, akatoka. Wamucii hakumfuata.

Alhamisi asubuhi simu ililia jikoni. Nyuma ya sauti ya Mathenge palisikika tangazo la ndege.

“Nilitaka tu kukusikia kabla niingie.”

“Enda salama,” Wamucii alisema. “Usipige tena.”

Mama yake, ambaye hakuwa amemsemesha kwa wiki nane, aliweka kisu mezani.

“Ni nani huyo?”

“Ni mtu nilimpenda, mami. Nikamdanganya.”

“Na Wambugu alijua?”

“Alijua mwisho,” Wamucii alisema. “Wote wawili niliwaacha wajue mwisho.”