Ganda Laini Katika Sanduku la Kobe

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, daktari wa wanyama alifunua sanduku la kutotoleshea mayai ya kobe, akaguna. Kati ya mayai kumi na manne, kumi na moja yalikuwa yameota ukungu.

"Ni huyu!" Msimamizi wa kituo cha kufugia wanyama alimnyooshea kidole mfagiaji, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi. "Jana alipuliza dawa humu. Ikifika saa sita awe ameondoka."

"Miaka tisa nafagia hapa, mwanangu. Leo ndiyo niue mayai?"

Daktari hakubishana. Kwanza aliyahamishia mayai matatu mazima kwenye sanduku jingine. Kisha akakagua rekodi ya joto: nyuzi thelathini na moja, wiki nzima. Basi fundi umeme, ambaye wengine walinong'ona kuwa ndiye aliyeharibu joto, hakuwa na kosa. Halafu akaligeuza yai moja.

"Dawa ikipulizwa hutua juu. Hili limeozea chini, linapogusa chenga za kulalia mayai."

Chenga hizo, laini na za kushika unyevu, alizichekecha kijiko kwa kijiko kwa saa nzima, bila haraka, macho hayabanduki. Msimamizi alitazama saa yake mara nne. Mwishowe daktari aliinua kwa koleo kitu kidogo kama ukucha. Alikikunja. Hakikuvunjika.

"Ganda la yai la kobe lingevunjika. Hili ni la chatu. Chatu walitotolewa lini?"

"Msimu uliopita," Shangazi alijibu. "Gunia la chenga zao nililiweka nje litupwe. Kesho yake sikulikuta."

Daktari alisoma daftari lililoning'inia ukutani. "'Chenga mpya.' Sahihi ni yako, Msimamizi."

Msimamizi aliketi juu ya ndoo.

"Nilisahau kuagiza. Kobe akataga mapema. Nikaziosha zile za zamani, nikazianika kutwa nzima. Zilionekana safi kabisa!"

"Mbegu za ukungu hazionekani. Ungezioka kwa moto mkali, au ungezitupa. Kosa hilo ningelielewa. Ila kumtwisha Shangazi?"

"Niliona aibu. Watu hapa wananiona mjuzi." Akamgeukia mfagiaji. "Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusikia. Sasa kamwambie mkurugenzi maneno hayo hayo."

Alikwenda. Ukuta wa ofisi ya mkurugenzi ulikuwa mwembamba. Walimsikia akisema yote, bila kuruka neno.