Maji ya Korongoni

Jumatatu asubuhi Edina alimkabidhi binti yake Ritha dumu tupu la lita tano.

"Usilipoteze kama lile jingine," alimwambia.

"Halikupotea, mama. Liliibiwa!" Ritha alicheka, akakimbia shuleni.

Kiangazi, shule ile ya msingi iliyo njia ya Kongwa iliishi hivyo. Kila mtoto na dumu lake. Saa nne wanafunzi wa darasa la nne walishuka korongoni. Walichimba mchanga, wakangoja maji yajikusanye, wakachota kwa kikombe. Maji hayo yalikuwa ya kupikia uji na kumwagilia miche. Mwalimu je? Mwalimu alibaki shuleni. Korongo ni la nyumbani, nani atapotea?

Mwezi uliotangulia wazazi walikutana. Mzee Bartolomayo, jirani yake Edina, alisimama. Mzee huyu alichimba mchanga wa kujengea miaka kumi na tano, akiupakia kwenye malori.

"Shule ina paa refu la bati," alisema. "Tuweke mifereji na tangi, tukinge mvua ya Desemba. Watoto wasitumwe korongoni. Mashimo yamekuwa marefu."

Edina alikuwa na mdomo, na watu waliupenda.

"Mzee, mchanga umekuingia kichwani!" alisema. "Tumechangia madawati, tumechangia mlinzi, leo tangi! Sisi wote tulichota pale pale. Nani alikufa?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu mkuu, Kefa, naye alicheka, akafunga mkutano. Watu wazima wazima, wanacheka! Mimi mpaka leo kicheko kile kinaniudhi.

Basi Jumatatu hiyo Edina alikuwa uani anapepeta mtama. Akasikia mayowe kutoka korongoni. Alikimbia bila kandambili. Alikuta watoto wanalia, madumu yametapakaa.

"Ritha yuko wapi?"

Mtoto mmoja alionyesha mchanga. "Aliingia shimoni kuchota. Ukaporomoka."

"Mwalimu yuko wapi?"

Edina aliruka pale, akafukua kwa kucha. Mzee Bartolomayo alifika na wanaume wengine, akamvuta mkono.

"Mama Ritha, toka hapo juu, unamkandamiza! Tuanzie pembeni. Tukimkaribia, tuache makoleo, tutumie mikono."

Walimtoa. Lakini Ritha alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka kumi.

Baada ya matanga Edina alikwenda kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Nieleze lile nililokukataza kusema."

"Leo pumzika kwanza, mama."

"Nieleze!"

Mzee alichora shimo chini kwa kidole. "Mchanga wa juu ni mkavu, maji yako chini. Mtoto akichota, shimo linalika ubavuni. Juu panabaki kama dari lisilo na nguzo. Likishuka, halipigi kelele. Na mchanga ukikubana kifua huwezi kuvuta pumzi, hata kichwa kikiwa nje. Mimi sikuingia shimo lililonipita kiuno. Wala sikuchimba peke yangu hata siku moja."

"Mbona sisi tulichota tukakua?"

"Enzi zetu maji yalikuwa juu, shimo liliishia gotini. Malori yamekomba mchanga, maji yameshuka. Watoto wanayafuata huko huko chini." Akaongeza, "Na mimi ni mmoja wa waliokomba."

"Ni mimi niliyewachekesha watu," Edina alisema.

Mzee hakumwambia kwamba si kweli.

Wazazi waliitwa tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Edina alisimama.

"Pole zenu nimezipokea, zinatosha. Mwalimu, mtoto akiingia getini, ni wa nani mpaka anaporudi nyumbani?"

"Ni wetu," alijibu Mwalimu Kefa, macho chini.

"Binti yangu alikuwa ndani ya mchanga, na ninyi mlidhani yuko wapi?"

Mwalimu Kefa alilia mbele ya watu. Kisha walikubaliana. Mwanafunzi hatatumwa tena maji wala kuni nje ya shule. Hatoki getini saa za masomo bila mzazi wake au mtu ambaye mzazi amemtaja. Mwalimu wa zamu atawahesabu asubuhi, baada ya uji, na wakati wa kutoka. Mtoto akiona hatari amwambie mwalimu, na mwalimu asimkemee. Wazazi walichukua zamu ya kuleta maji kwa mkokoteni mpaka mvua inyeshe. Mzee Bartolomayo na wenzake walifukia mashimo karibu na shule. Wazazi wakachangia, mifereji ikafungwa paani, tangi likaja, mfuniko wake ukatiwa kufuli.

Desemba mvua ilinyesha, tangi likajaa. Januari shule ilipofunguliwa, hakuna mtoto aliyeshuka korongoni. Walinawa kwenye bomba la tangi, wakanywa uji, wakahesabiwa, wote wakarudi makwao.

Mwalimu Kefa alimfuata Edina nyumbani.

"Mama, wazazi wanakushukuru. Tunaomba tuandike jina la Ritha kwenye tangi, watoto wamkumbuke."

Edina aliweka ungo wa mtama chini.

"Mwalimu, hii ni Januari. Mimi jina lake nilitaka liandikwe kwenye rejista ya darasa la tano. Hilo mnaliweza?"

Mwalimu Kefa aliaga, akaondoka. Tangi halikuandikwa jina.