Jumbe Kumi na Saba za Mama

Jumamosi asubuhi Eustadia alikuwa akipiga pasi sebuleni aliposikia mtu chumbani akitaja namba kwa sauti ya kukwaruza: tatu, tisa, sifuri, nne, nne, moja. Katika nyumba ile ya mtaa wa Biryogo aliishi peke yake. Chumbani hakukuta mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua. Simu ilikuwa kitandani, na ile programu inayolinda akaunti yake ilionyesha namba zilezile.

Papo hapo taarifa ikaingia: mtu ameingia kwenye akaunti yako. Humo alitunza jumbe kumi na saba za sauti za marehemu mama yake, Winifred, alizomtumia kutoka Bukoba. Sasa zilibaki kumi na sita.

Jumatatu, ofisini kwake Kimihurura, fundi wa kompyuta aitwaye Shema alimbadilishia neno la siri, akamwekea programu upya kwenye simu nyingine.

"Dada, hizi namba ziko kwa simu yako tu. Zinageuka kila nusu dakika. Mtu hawezi kuingia bila kuziona."

"Na kama si mtu?" Eustadia alinong'ona.

Shema alicheka, akamkabidhi simu.

Jioni ile namba zilitajwa hata kabla hazijatokea kwenye simu, na ujumbe mwingine ukatoweka. Eustadia alijaribu kunakili jumbe. Kila nakala ilitoa mvumo wa upepo tu. Na kila ujumbe ulipopotea, ile sauti ya chumbani ilizidi kulainika, ikaacha kukwaruza, ikapata lafudhi ya Kihaya, ikapata na kile kikohozi kidogo cha mama yake, mpaka Eustadia akawa anaziba masikio kwa mito huku akitamani kuisikia.

Shehe Nzeyimana, jirani aliyemwomba msaada, alikuja baada ya alasiri akaanza kusoma Kurani. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka chumbani: "Mwacheni mwanangu."

Shehe akafunga msahafu.

"Nimeshindwa kukifikia kitu hiki. Kimejificha ndani ya sauti ya mama yako. Ihangane, jipe moyo, binti yangu. Hama."

Ijumaa ujumbe wa mwisho ukatoweka. Eustadia alikuwa ameshafunga begi, ameshika kitasa cha mlango, sauti ilipomwita kutoka jikoni:

"Eustadia, umekula?"

Alijua si mama. Alijua kabisa. Machozi yakamtiririka, mkono ukaachia kitasa.

"Bado, Ma."

Jikoni, sahani ikatua mezani.